Kwa Baba Yetu Lou Tingsheng, Mchongaji wa Korongo

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipokunywa chai yako yote, ukalalamika kwamba ni nyepesi, ukajilaza kidogo na usiamke tena.

Hapa Dongyang wachongaji ni wengi, lakini ndege wako walijulikana, hasa korongo. Ulifanya kazi kwa kandambili hata wakati wa baridi, na hukutia patasi kwenye ubao wa mkafuri kabla ya kuunusa. Ukija mezani, hata tambi zilinukia kafuri.

Ulipofika miaka sabini na mmoja ukapata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Kiambaza cha mbao cha hekalu ulichokuwa ukikichonga kilikuwa kimebakiza korongo wawili. Wanafunzi wako walitaka kukimalizia, ukakataa. Ukamwita Mama, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akipiga msasa kazi zako, wala hakuwahi kuchonga.

"Mama Shuyun, shika patasi hii."

"Umechanganyikiwa? Nitaharibu!"

"Kila bawa nililochonga umelipiga msasa wewe. Vidole vyako vinajua."

Mlizozana majira yote ya baridi, sisi tukiwasikia kutoka jikoni.

"Taratibu! Hiyo ni shingo, si figili!"

"Basi chonga mwenyewe, Baba Shuyun!"

Kisha mnacheka.

Tusamehe, Baba, tulidhani unajiliwaza tu. Siku kiambaza kilipofikishwa hekaluni, fundi mmoja mkongwe aliwapapasa wale korongo wawili, akauliza ni mwanafunzi gani aliyewachonga.

"Mke wangu," ukasema.

Akacheka, akidhani ni mzaha. Wewe hukucheka. Uliomba patasi palepale, ukampa Mama, naye mbele ya watu wote akachonga jina lake, Jiang Caidi, kando ya lako. Ulimwambia, "Usiharakishe, watangoja." Na kweli wakangoja, yule mkongwe akiwa amemshikia taa.

Ulikaa nasi miaka minne zaidi, ukiwa kwenye kiti chako karibu na dirisha, ukimsahihisha kutwa nzima. Hatujawahi kuwaona nyinyi wawili mmefurahi hivyo.

Mama hajambo. Ana wanafunzi watatu, wote wasichana. Juzi alimaliza sanduku la arusi la mjukuu wako Nuan. Akalitazama siku nzima, akasema jicho la ndege mmoja limekosewa. Sisi tumelitafuta kosa hilo hatukuliona. Wewe ungeliona.

Unakumbukwa na mkeo Jiang Caidi, wanao Shuyun na Kaiping, mkweo Hu Meiqin, wajukuu zako Nuan na Zichen, na wote uliowafundisha.

Daima tutakukumbuka, Baba, na kukutaja kwa furaha.