Beringi ya kushoto, tena

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, ziwa halionekani kabisa, na kichwa changu kiko vivyo hivyo.

Pikapu iko uani, nyuma imekalia mawe, gurudumu la kushoto limetolewa. Nimeizunguka tangu saa mbili asubuhi na sijaelewa kitu.

Hii ni beringi ya tatu ndani ya miezi saba. Safari hii haikufa peke yake, imekula na shafti ya ekseli. Ukipitisha kidole unakuta mfereji. Miaka yote kabla ya hapo nilibadilisha beringi ya nyuma mara moja tu, na gari ni hilihili kuukuu, na mzigo ni uleule: dagaa kutoka mwaloni Ujiji, wavuvi wanakoshusha, hadi soko la kambi ya wakimbizi, Jumatano na Jumamosi.

Kilichobadilika ni kimoja. Mvua zilipoanza tuliinyanyua pikapu. Barabara ya kambini ilikuwa imechimbika, tumbo la gari linalala kwenye matope, na wale akina mama wa sokoni wanaongoja dagaa hawalishi watoto kwa visingizio vyangu. Fundi akaweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, akavisha matairi makubwa. Pikapu ikasimama kama jogoo. Nilifurahi, nakiri.

Fundi huyo hapa nitamwita Bahati. Si jina lake. Ni Mkongomani, alivuka ziwa na mkewe wakati wa vita. Ameandikishwa kambini, lakini anaishi mjini kwa binamu yake, mtaa nisioutaja, na kibali cha kukaa mjini hana. Pale gereji anakofanya kazi kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza, kwa sababu mikono yake ni mizuri na maneno hana.

Mpaka Jumamosi, nilipofungua mdomo mimi.

Nilikuwa natoka kambini. Nilipofika Mwandiga nikasikia beringi inalia tena, upande uleule. Nikaingia gereji moja kwa moja, sikuamkia mtu.

"Unaniwekea vipuri vilivyotumika, wewe! Kila mara kushoto, kulia hakuharibiki. Kulia ulisahau kuiba?"

Watu wakacheka. Kicheko ndicho kilichoniponza. Nikaongeza: "Mkimbizi ni mkimbizi tu. Leo yupo, kesho kavuka na cha mtu."

Bahati akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mwalimu," akasema, "hii motokari iko na kunywa maji."

Sijawahi kufundisha. Ananiita Mwalimu kwa sababu naandika kila kitu. Nililiondoa gari, nikamwacha amesimama.

Jana nimesikia kuwa mwenye gereji amemwambia asirudi. Hakumshuku wizi. Aliogopa tu kwamba maneno "mwizi" na "mkimbizi" yakitamkwa pamoja kwa sauti namna ile, wenye kuuliza vibali hawatakawia.

Leo shemeji Rashidi amekuja kunisaidia kufungua. Alipovuta shafti akainusa grisi, kisha akaninyooshea kidole chenye grisi hiyo. Ilikuwa nyeupe, imekatika kama maziwa.

"Shemeji, hii ni grisi au uji wa muhogo? Nilete sukari?"

Maji. Lakini maji ya wapi? Mto sivuki. Matope ya kambini hayafiki hapo juu tena, ndiyo maana tuliinyanyua.

Nikaingia ndani nikatoa daftari. Nimerudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na kila siku ya safari, kwa mwandiko wangu, ipo sentensi ileile: "Nimerudi salama. Nimeosha gari ziwani."

Wote tunaosha magari pale. Zamani nilisimamisha ukingoni, nikachota kwa ndoo, kwa kuwa nililiogopa ziwa. Tangu tuinyanyue pikapu naingia nayo mpaka maji yafunike ekseli. Naingia nikiwa nimetoka kambini moja kwa moja, chuma bado kina moto.

"Chupa ya plastiki ukiitia chai ya moto ukaifunga, ikipoa si inabonyea?" Rashidi akaniuliza. "Na hiyo ekseli inapoa ghafla, inavuta ndani. Sasa pale inavuta nini, hewa?"

Sawa. Lakini kwa nini kushoto? Rashidi hakujua. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikafumba macho, nikajiona ninavyoingia ziwani. Siingii kwa kurudi nyuma kama wenzangu. Naingia kwa ubavu, kushoto kwenye kina, kulia mchangani. Usukani uko kulia. Mlango wangu lazima ufungukie pakavu.

Ni kwa ajili ya viatu.

Rashidi alicheka hadi akapiga goti. Mimi sikuweza. Nilitembea hadi kwa Bahati kwa miguu, na viatu vikalowa vyote viwili.

Nilimkuta anafunga spana ndani ya kitenge cha mkewe. Alhamisi wanarudi kambini. Nikamweleza kila kitu, hadi viatu. Alisikiliza, akatabasamu kidogo, akaendelea kufunga.

"Ulijua kama ni ziwa?" nikamuuliza.

"Nilijua ni maji. Ziwa sikujua. Mbele ya kuinyanyua motokari ulikuwa unaliogopa, Mwalimu. Tukakupandisha juu, woga ukaisha."

Nikasema nisamehe. Akasema ameshasikia. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Kule gereji, walisikia watu ngapi?"

Nikahesabu kichwani. "Sita."

"Basi mimi si wa kwanza kuambiwa. Enda utafute hao sita. Mwenye gereji akiniita mwenyewe, nitafungua hizi spana."

Nimerudi nyumbani na bado sielewi. Sizungumzii ekseli, hiyo imeeleweka. Sielewi lile neno lilitokea wapi. Bibi yangu mzaa baba alishuka mwaloni Ujiji akitokea ng'ambo, na kitenge kimoja. Nyumbani hatujawahi kumwita mkimbizi. Kwa hiyo Jumamosi lilikuwa limekaa wapi mdomoni mwangu, likiwa tayari namna ile? Daftari lina kila safari na kila beringi. Hilo halimo.

Naandika hapa hadharani kwa kuwa nilimsema hadharani. Lakini wale sita hawasomi hapa. Kesho asubuhi, dagaa wangoje, naanza na mama wa chapati, kwa sababu ndiye aliyecheka kuwashinda wote. Kisha mafundi wawili, kisha mwenye lori, kisha mwenye gereji mwenyewe. Hao ni watano, na Alhamisi haijafika.

Wa sita ni mfanyabiashara mmoja wa vitenge aliyekuwa amepita gereji siku hiyo. Nimemuulizia njiani nikirudi. Boti yake imeondoka jana kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na neno langu limevuka naye; Kalemie ndiko kwao Bahati.

Huyo nimfuate na nini?