Kipoyi Kitupu

Salamabila, Kabambare
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mpendwa dada Emilienne,

Salamu hizi zikukute na nguvu, wewe na wote wa nyumbani. Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi ya Walungu? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kazi ya shimoni kila asubuhi. Vumilia mwandiko wangu, unajua shule niliiacha njiani.

Nimesikia mmepanga kumtuma kaka André aje kunichukua, kwa sababu nimekuwa mtu wa kubebwa. Hamkudanganywa. Udongo uliponiangukia, wenzangu walinishusha mlimani kwa kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa. Mfupa uliunga, lakini mguu ulikataa kazi. Muuguzi alisema nisipoutembeza utakauka kabisa. Niliogopa maumivu, nikabaki nimelala, naona aibu kurudi kwenu hivyo.

Aliyeniamsha ni Mama Marcelline, mwenye nyumba yangu, Mkristo wa upande wa Kasongo. Huko kwao mgonjwa wa mguu haombewi kitandani. Siku ya Jumapili watu wanatembea naye kimya, kila mtu na Mungu wake moyoni, na wanaimba wakati wa kurudi. Sheria ni moja: aliye dhaifu anatangulia, na hakuna ruhusa ya kumpita.

Dada, ungewaona wachimbaji, watu waliozoea kukimbia na magunia, wakijikokota nyuma ya fimbo yangu! Djuma, Mwislamu, mwenzangu wa shimoni, alikuja na tasbihi yake. Mmoja akamwambia matembezi hayo ni sala ya Wakristo. Akajibu, "Barabara haikubatizwa. Nipishe." Yeye ndiye aliyeshika kipoyi na mwenzake, wakakibeba nyuma yetu kikiwa kitupu, ili nikishindwa wanipakie.

Nilishindwa mara nyingi. Jumapili ya kwanza sikumaliza hata nyumba za jirani. Lakini katika ule ukimya nilisikia miguu ya watu nyuma yangu, nikawaza: hawa wamechoka juma zima shimoni, na siku yao ya kupumzika wamenipa. Hakuna mahubiri yaliyowahi kuniingia hivyo. Basi nikawa naomba maneno mawili tu kila ninapoinua mguu: Mungu, tena.

Siku moja dereva wa pikipiki alituona kimya, na kipoyi nyuma. Akazima mashine, akavua kofia.

"Poleni, ndugu zangu. Mutu gani amekufa?"

Djuma akanionyesha kwa kidevu. "Ni ule iko mbele."

"Mbona anatembea?"

"Iko mukaidi, bwana. Amekataa kubebwa."

Mama Marcelline, aliyetufundisha ule ukimya, ndiye aliyecheka wa kwanza.

Sasa sikia. Jana nilifika mtoni, mwisho wa njia, mahali ambapo hakuna aliyetegemea nifike kabla ya mvua kubwa. Niliweka fimbo chini, nikaingia majini mpaka magotini, nikasimama. Nimesimama, dada! Djuma akapaza "Allahu akbar", Wakristo wakajibu "Aleluya", wanawake wakapiga vigelegele. Tulirudi tukiimba. Watu wa sokoni waliacha meza zao wakatufuata, barabara ikajaa, na katika umati ule wote hakuna aliyenipita.

Tulipofika nyumbani Mama Marcelline alichukua shoka, akakipasua kile kipoyi, akapikia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bugali ulinuka moshi wa miti ile. Sijala kitu kitamu hivyo tangu nitoke kwetu.

Kwa hiyo kaka André apumzike. Nitakuja mwenyewe kwa Noeli. Pikipiki itaniacha chini ya kilima chetu, nami nitapanda kwa miguu. Mwambie mama anitazame kutoka mlangoni. Au kifua kikimruhusu ashuke, tupande wote. Yeye atatangulia. Sitampita.

Nisalimie shemeji Zéphirin, Elsa, na Glody mdogo ambaye bado hanijui. Mungu alinde miguu yenu, popote mnapokanyaga.

Mdogo wako akupendaye, aliye wima,

Bisimwa