Ukakasi wa Kikombe cha Sita

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekula ukoko wa mkate. Ukoko! Nimetafuna kulia, nikatafuna kushoto, halafu nikasubiri maumivu. Hayakuja. Miezi yote hii nimeishi kwa uji uliopoa kama mtoto asiye na meno, na hata huo ulikuwa unanichoma. Baba watoto ananitazama tu, kikombe mkononi, hanywi. Nikamwambia macho yake yatadondokea kwenye chai. Akasema yadondoke, mradi mimi nile.

Kioo cha bafuni: mashavu kwa ndani ya waridi, safi. Fizi hazitoi damu. Uso wenyewe sasa ni duara kamili — kazi ya vidonge. Nimefurahi. Naandika tena nilione neno lilivyokaa: nimefurahi.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi amekuja. Hata kiatu hajavua: umenawiri! Umeng'aa! Kaka yangu anakulisha nini? Ananizunguka kama mtu anayenunua kabati. Ni dawa, wifi, uso umevimba. Hataki kusikia. Anataka jina la hiyo dawa, naye anywe!

Baadaye akauliza kwa sauti ya chini: kwani huu ugonjwa ulikurukia wapi? Nikamweleza kama nilivyoelezwa kliniki. Seli za ngozi hazikai tu kama mchele kwenye gunia. Zimeshikana kwa protini maalumu, kama shati linavyoshikwa na vishikizo. Kinga yangu, ile ile inayopigana na vijidudu, imeviona vishikizo hivyo ikadhani ni adui, ikavishambulia. Vikiachia, seli zinaachana, maji yanajaa katikati — ndiyo malengelenge. Kwangu yalianzia mdomoni. Hayaambukizi.

Kikulacho ki nguoni mwako, akasema wifi. Nikamwambia hiki hata nguoni hakikukaa, kimepitiliza.

Baba watoto ni fundi viatu, na duniani kwake kila kitu ni kiatu. Eti soli imebanduka tu, mngeniletea mimi. Nimemrushia kitambaa cha meza.

Alhamisi, 14 Machi

Kliniki. Daktari wa ngozi, mama mfupi mwenye mikono ya baridi, amenimulika tochi kila pembe ya kinywa. Akanisugua bega kwa kidole. Zamani ngozi hapo ilikuwa inateleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Leo imetulia mahali pake. Safi kabisa, mama! Amepunguza vidonge.

Lakini — kidonda kimoja tu kikirudi, tunapandisha dozi upya. Vidonge hivi hula mifupa, na yangu haitashukuru.

Nikamwuliza, vishikizo vidogo hivi mbona vina jeuri? Akaweka kalamu chini. Anapenda kuulizwa. Anasema bila protini za kushikanisha hakuna mwili, kuna rojo. Ziko nyingine ambazo chembe nyeupe za damu huzitumia kushika ukuta wa mshipa, zipenye zikapigane na maradhi. Mtoto akizaliwa bila hizo, vijidudu vidogo tu vinamwelemea. Na seli ya saratani ikipoteza kinachoishikilia kwa majirani, hubanduka ikaenda kuzurura mwilini. Kushikana kukizidi nako ni balaa, damu inaganda pasipotakiwa. Nikawaza ndoa.

Jumatano, 20 Machi

Bado niko stoo, nabandika lebo kwenye makasha ya chai. Mwonja chai asiyeonja!

Meneja amenisimamisha kwenye korido. Jumatano ijayo kuna mzigo mpya mezani. Kinywa kiko tayari? Kama bado, kiti anampa mtu mwingine, moja kwa moja, hawezi kungoja zaidi. Hakusema kwa ubaya, na simlaumu. Nimejibu kiko tayari. Nimejibu haraka mno.

Jumapili, 24 Machi

Mazoezi jikoni. Vikombe vyote vya nyumba vimetoka kabatini. Chai ya kuonja hainywewi kwa adabu: unavuta na hewa, fyuuu, itapakae kinywa kizima, unatema. Jirani amegonga mlango kuuliza kama bomba limepasuka!

Na nimemkamata baba watoto. Kwenye kopo la majani mazuri amekuwa akitia vumbi la chai la dukani, lile la bei rahisi, akijua sionji kitu. Nimeonja mara moja tu, nikamwangalia. Amekimbilia kwenye viatu vyake. Nimecheka mpaka machozi — ulimi wangu umerudi!

Jumatano, 27 Machi

Naandika hapahapa mezani, shajara juu ya goti.

Asubuhi ilianza vizuri. Dirisha kubwa, vikombe vyeupe mstari mmoja, ndoo ya kutemea mahali pake pa siku zote. Mwenzangu wa upande wa pili, tunamwita Pua kwa sababu hunusa hata barua kabla ya kuifungua, amenivutia kiti. Kwake hiyo ni hotuba.

Cha kwanza: kimechangamka. Cha pili: kizito, rangi nzuri. Cha tatu kiliungua kwenye ukaushaji. Cha nne na cha tano, mteremko. Nilikuwa naimba moyoni.

Cha sita. Nimevuta, na shavu la kushoto limebana. Ukakasi. Sasa — ni chai? Majani yaliyosindikwa kwa haraka hufanya hivyo hasa. Au ni shavu? Lengelenge la kwanza lilianzia upande huohuo. Nimesukutua, nimevuta tena. Vilevile. Nimerudia cha tano, nacho kimebana kidogo, lakini ukakasi hung'ang'ania kinywani, huenda ni mabaki. Nimepitisha ulimi, hakuna uvimbe. Lengelenge changa halina uvimbe. Kazi yangu yote ni kujua ukali huu na ukali ule, na leo sijui!

Ningeweza kuandika "ukakasi" nikanyamaza. Sheria ya meza ni hakuna kuulizana mpaka wote wamalize, na sijawahi kuivunja. Pua yuko cha tatu tu, yeye haharakishwi.

Nimevunja. Nimemwambia: Pua, onja cha sita sasa hivi. Nataka kujua kama ni chai au ni mimi.

Amenitazama. Ameweka penseli chini, ameenda kusukutua kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, kama siku zote. Naogopa. Naogopa, na bado nafurahi kuwa nimekaa kwenye kiti hiki.

Amerudi. Ameruka cha nne, ameruka cha tano — yeye, asiyewahi kuruka kikombe maishani mwake! Amechota. Amevuta. Amefumba macho. Bado hajatema.