Vipande Arobaini vya Upande wa Mama

Mbeya, mwezi wa saba

Mama,

Kaa vizuri huko uliko, maana leo sikuandikii ili nilie. Nimeshalia vya kutosha, hata charahani ilianza kushika kutu kwa uvivu wangu. Leo nina habari, na tangu asubuhi naimba peke yangu mpaka mume wangu Hamisi ameniuliza kama nina homa.

Nianze na lililonichoma. Siku tulipokuzika, sisi wanawake tulibaki nyumbani. Kaka Saidi aliporudi kutoka makaburini nilimwona hana raha. Akaniambia kwamba mwalimu alipokaa kukusomea talakini, yale mawaidha anayosomewa maiti kaburini, aliuliza, "Mama yake nani?" ili akuite kwa jina la mzazi wako. Watu wakatazamana. Saidi akasema hajui. Basi ukaitwa kama wanavyoitwa wote ambao mama zao hawajulikani: Mwanaidi binti Hawa. Hawa ni mama yetu sote, si tusi hilo. Lakini wewe uliuliza maisha yako yote, "Mimi wa nani?" Wale watu wa pwani waliokulea pale Kihesa wakawa wanakujibu tu kwamba uliletwa ukiwa mchanga, wakati wa vita ya Mjerumani. Ukaingia kaburini bila jibu, nami nikaona uchungu kuliko hata kifo chenyewe.

Sasa sikiliza, wala usinikasirikie. Unamkumbuka Babu Keshav, yule mzee wa Kihindi ambaye nashona barazani pa duka lake? Alikupa pilipili za kukaanga ukanywa maji mtungi mzima. Kumbe anasoma nyota. Mashehe wetu wanaopiga falaki huanza na jina la mtu na jina la mama yake, na kwako hilo la pili ndilo hasa tulilokuwa hatuna. Babu anaanza na saa ya kuzaliwa. Anachora mraba, anaukata kwa mistari ya mshazari mpaka zinapatikana nyumba kumi na mbili, anazipanga sayari humo. Wao wanaiita kundali. Halafu kila nyumba anaigawa tena, na kila mgawo una kazi yake. Upo wa ndoa, upo wa watoto, na upo wa vipande arobaini, ambao ni wa ukoo wa upande wa mama. Hapo niliacha kushona. "Mama hayupo, lakini watu wake wamo ndani ya kundali yako," aliniambia.

Nikataka anisomee palepale. Tarehe yangu tunaijua, ila kuhusu saa wewe ulikuwa ukisema tu, "Ulizaliwa jua linagusa kizingiti cha jiko." Babu akakisia asubuhi, akachora, akasema watu wa mama yangu walivuka maji ya chumvi. Mama, nilivimba kichwa. Wiki nzima nikatembea kama bibi wa Kimanga, na Hamisi akawa ananiuliza kwa adabu kama ugali wa hapa bado nitaula.

Babu mwenyewe hakuridhika. Vipande arobaini ni vyembamba mno. Dakika tatu zinatosha kukutoa kipande kimoja hadi kingine. Kukisia, alisema, ni kukata kitambaa bila kupima. Akanituma nirudi Kihesa tarehe ileile niliyozaliwa, nisimame jikoni kwako, niangalie jua linafika lini kwenye kizingiti. Akaniazima saa yake ya mfukoni. Hamisi akasema nimerogwa, kisha akanilipia basi.

Basi nikawa nimesimama pale asubuhi, baridi ya Iringa inanitafuna masikio, saa mkononi, macho kwenye kizingiti. Jirani yako Bibi Sekalinga akapita na kuni kichwani. Akasimama. "Kamwene, mwanangu. Unalinda nini hapo?" Nilipomweleza alicheka mpaka akatua kuni. Kumbe mlango ule baba aliutoboa baadaye, moshi ulipokuwa ukikusumbua macho. Nilipozaliwa mimi, mlango wa jiko ulikuwa upande wa pili, unaotazama machweo. "Wewe ni mtoto wa jioni. Mimi ndiye nilikupokea." Nilikuwa nimesimama kwenye mlango usiohusika, Mama, na ile safari yangu ya maji ya chumvi ikafa hapohapo.

Nikamwambia kwa mzaha kwamba kama anajua mambo yote hayo, basi anitajie na bibi yangu. Akaacha kucheka. "Sembuli? Mbona namjua."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja mtu wa nyumba ya tatu. Yeye alikuwa msichana wakati huo. Sembuli alitoka Ubaruku, huko Usangu, akimfuata mumewe aliyekamatwa kubeba mizigo ya vita. Alijifungua njiani. Alifika Kihesa na homa, wewe uko mgongoni, wakamlaza nyumbani kwa kina Bibi Sekalinga. Alipokufa, wale watu wa pwani wakakuchukua kwa kuwa walikuwa na ng'ombe wa maziwa. Nikamwuliza kwa nini hakukuambia, miaka yote mnaazimana kinu. Akashangaa yeye. "Nilijua anajua. Na sisi mama wa mtu akishakufa, hatumtaji jina mbele ya mwanawe. Ni adabu."

Mlikaa ua kwa ua, Mama. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimkumbatia yule bibi pamoja na vumbi lake la kuni, nikalia huku nacheka. Jioni tukasimama naye pale ulipokuwa mlango wa zamani, nikaandika saa ya jua.

Wakati wa kurudi nilishuka Igawa, nikadandia lori la mpunga mpaka Ubaruku. Niliwauliza wazee habari za Sembuli aliyemfuata mumewe vitani, nikaelekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa anapepeta. Ni mdogo wake, tumbo moja. Anacheka kwa pua kama wewe. Nilipomaliza kueleza aliweka ungo chini akasema, "Aliondoka na mimba. Kwa hiyo alijifungua." Akalirudia neno hilo, akaenda kuwaita watoto wake na wajukuu, akawaambia na wao. Mama, tuna watu. Wamejaa ua mzima, nao wanagombana nani anilishe.

Kwa Babu Keshav nilitaja ile saa ya jioni tu, mengine nikayafungia mdomo. Akachora upya, akatazama sana, akasema, "Watu wa maji matamu. Wanalisha wengine." Nilipiga vigelegele wateja wakatoka nje ya duka. Hamisi anasema kikapu changu cha mchele wa Ubaruku kilikuwa miguuni pa mzee, hata mtoto angeisoma nyota hiyo. Na aseme. Mimi siapi kwamba Babu anajua yote. Najua tu kwamba bila vipande vyake nisingesimama na saa kwenye mlango wa jiko.

Sasa nakuaga, lakini ahadi hii ishike. Bibi mdogo anakuja mpunga ukishaingia ghalani. Nitampokea Igawa, nimlete Kihesa, nimkalishe kando ya kaburi lako. Mwalimu amekubali kukuombea kwa jina lako kamili, ila nimemwomba angoje kidogo, bibi atangulie. Ana wasiwasi. Ameniuliza atakuambia nini, maana hamjawahi kuonana. Nimemwambia asihangaike, amtaje dada yake tu, nawe utajua kuwa umeitwa.

Mwanao,
Tatu binti Mwanaidi binti Sembuli