Wiki Mbili za Kutoboa Chekeche

Jumatatu, 7 Oktoba

Biti ya drili imekatika tena. Ya tatu, na chai ya saa nne sijanywa. Biti nyembamba hivi haziliwezi bati nene. Nimezitupa kwenye kopo na kutukana kidogo, Mungu anisamehe.

Haya yote kaniletea Maman Furaha, mwenyekiti wa ushirika wa wanawake wa Kadutu, kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Wanataka mashine nne za kusaga mihogo mikavu. Mashine yangu anaijua. Kaniambia bila kuzunguka kwamba unga wangu una chenga, na wa mashine za China ni laini. Jumamosi ya tarehe 19 atazipima zote mbili kwa mihogo ileile. Atakayeshinda ndiye atakayeuza nne.

Tatizo ni chekeche, lile bati la matundu lililo chini ya nyundo zinazoponda mihogo. Tundu likiwa kubwa, unga unakuwa na chenga. Yangu ni makubwa.

Nina miaka hamsini na mbili. Nusu ya milango ya chuma ya Kamembe, huku Rwanda, nimeichomelea mimi. Mashine hii ndiyo kitu pekee nilichokibuni kwa kichwa changu. Tunavusha nyanya kwenda Kongo, tunavusha vitunguu, kuku, maziwa. Kitu chenye mota kinatoka mbali, kinatupita barabarani ndani ya boksi. Nimechoka kukisindikiza kwa macho. Yangu itavuka.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimevuka kwenda Bukavu kuiona hiyo ya China inavyofanya kazi. Mwenye duka linaloziuza hakunijua, akanisifia bidhaa yake kama mteja. Nikamwacha aseme.

Nimeushika unga. Laini. Nimepiga magoti kuchungulia chekeche: matundu madogo, yamelingana kama meno ya chanuo. Mashine haitikisiki. Hakuna fundi aliyeyatoboa matundu yale kwa mkono. Nimeona wivu, na nauandika hapa kwa sababu nyumbani nimesema mashine yenyewe ya kawaida tu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mimi wiki nzima natembea.

Alhamisi, 10 Oktoba

Biti mbili zaidi. Mke wangu Zena kanishauri ninunue chekeche la China nilifunge kwenye mashine yangu. Nikamjibu vibaya. Alikuwa na haki ya kunijibu vibaya pia, lakini alikwenda zake sokoni.

Sinunui.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeachana na drili. Nimenoa pini ya chuma kigumu, nchani kama msumari. Bati juu ya gogo, pini juu ya bati, nyundo. Tundu dogo safi, na nyuma yake kijimdomo cha bati kilichochanika.

Nimepiga tangu asubuhi, nikasimama kwa swala na chakula tu. Mkono wa kushoto umevimba. Zena kaukanda kwa maji ya moto, akasema anakanda mkono, hakandi kiburi. Tumecheka. Nimemwomba radhi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimelifunga chekeche upande laini ukiwa ndani, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Mihogo yenyewe ilikuwa na unyevu, na kwa mvua hizi hakuna muhogo unaokauka sawasawa. Dakika tano tu, matundu yote yakaziba. Mota ikanguruma, ikazima.

Niliketi chini. Nilitaka kulia.

Kisha nikaliangalia bati kwenye mwanga. Pini imechongoka, kwa hiyo tundu ni pana ilikoingilia na jembamba ilikotokea. Nimekuwa nikiuingiza unga kwenye upana ili ukwame kwenye wembamba. Nimesugua vijimdomo vyote kwa tupa, nikaligeuza. Unga ukaingia kwa shida na kutoka kwa raha. Unyevu uleule, unga laini. Nimesaga gunia zima kuhakikisha.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mpakani, upande wa Kongo, ofisa alizunguka mashine akitafuta kibandiko cha nchi ilikotoka. Nikamwambia imetoka kwangu, Kamembe. Alicheka, lakini akaandika.

Kadutu walikuwepo wanawake kama thelathini. Mihogo ilikuwa imeanikwa juzi tu, na mvua ilinyesha wiki nzima. Mashine ya China ikasaga vizuri robo ya gunia, halafu ikaziba. Mwenye duka akalaumu mihogo. Wanawake wakamzomea, maana ndiyo mihogo waliyo nayo.

Yangu ikamaliza gunia. Wakaushika unga, wakasonga bugali palepale, wakala. Hakuna aliyelalamika chenga. Lakini mashine ilitetemeka hadi ikasogea hatua nzima, na nati mbili zikaanguka. Waliokaa karibu waliziba masikio.

Maman Furaha akanikaribia. “Papa, mashine yako inaruka sana. Batoto bakipita pale, itabaumiza. Toa ile tami yako, tuiweke mu mashine ya huyu, tuone.”

Tami ndilo chekeche. Nilitaka kukataa. Mwenye duka alikataa kabla yangu, naye akanyamazishwa.

Halikuenea. Lilizidi upana wa vidole viwili. Nikachukua mkasi wangu wa bati, nikalikata mwenyewe mbele yao. Likaingia. Gunia lote likapita, na mashine imetulia kama jiwe.

“Mashine tutakamata za huyu,” akasema. “Tami, zako. Mbili-mbili kwa kila moja. Na banamama ba mtaa wa Bagira nabo bako na mashine kama hizi, zinabazibia vilevile.”

Nilisema ndiyo. Nikavuka daraja la mpakani na mashine yangu juu ya mkokoteni, inarudi nyumbani.

Jumapili, 20 Oktoba

Hasira. Kazi nimeifanya mimi, mashine kauza mwingine. Zena ananiambia nimeshinda. Nimeshinda kama mpishi asiyekaribishwa mezani.

Jioni nimeifungua mashine yangu. Shafti, ule mhimili unaozungusha nyundo, haiko katikati. Si mkosi, si kudharauliwa, ni shafti. Sina mashine ya kukerezea chuma ili niinyooshe na macho yangu hayatoshi. Yule mwanamke alisema kweli.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua ndogo tangu alfajiri. Nimekata mabati manane kwa kipimo cha mashine za China na kutoboa moja na nusu. Mkono umepona.

Maman Furaha kapiga simu kuuliza hali. Kasema pia kwamba nyundo za mashine zile hulika upesi, na mpya hungojwa miezi. Nimemwomba anitumie moja iliyolika. Ataileta mwanamke anayevuka kesho kuja kununua vitunguu.

Basi ni chekeche kwanza. Kisha nyundo. Shafti nitajifunza. Siku moja kitu pekee cha China kitakachobaki kwenye mashine ile kitakuwa rangi, na hata rangi inauzwa hapa Kamembe.