Kwa Mwalimu Ruweyda: Si Jua Lililokausha Beseni

Mwaka umetimia, Ruweyda, tangu ututoke asubuhi ile ya Jumatatu, viatu vyako vikiwa bado mlangoni na matope ya mtoni. Kwetu si kawaida sana kuweka tangazo gazetini. Kwetu ni dua, na dua tumekusomea. Lakini kuna neno ambalo mumeo Billow ameshindwa kukaa nalo, naye anataka lisikike hata na watu wasiomjua. Basi utuvumilie, leo tutasema mengi.

Kwanza habari za nyumbani. Nyumba imepooza. Binti yako Ifrah hupiga simu kila jioni kutoka kwa mumewe huko Modogashe, na Billow humjibu "niko sawa" hata kabla hajaulizwa. Chai anapika ya watu wawili, nusu inamwagwa. Yule aliyekuwa akikutania kwamba ndege ni ndege tu, wote wana mabawa, siku hizi anakaa barazani akitazama mwarobaini. Kuna ndege mdogo mwenye kichwa cheusi anayetua pale asubuhi. Mara tatu alikuuliza jina lake, mara tatu akalisahau, kwa sababu alijua upo.

Wanafunzi wako wa Gredi ya Tano walikuita Mwalimu Chura, nawe ukaitika. Mwalimu mkuu alipokataza watoto kwenda mtoni kwa sababu ya mamba, ulisema haya, basi mto utakuja shuleni. Ukanunua beseni la bluu, ukatia tope la Tana, majani ya majini, konokono na viluwiluwi, ukapanda nalo tuktuk umelipakata kama mtoto mchanga. Dereva alinung'unika njia nzima. Watoto waliozoea maji ya mkokoteni wa punda wakaona kwa macho yao mkia ukipungua na miguu ikichomoza. Ukawafundisha kutofautisha mgunga na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka ng'ambo, na kwa nini mbuzi wanaokula sana maganda ya mathenge huoza meno. "Usiniambie ni mdudu tu," ulikuwa ukisema. "Hata wewe nikikuita mtu tu, utanuna."

Sasa lile neno.

Unakumbuka likizo ya Aprili, mwaka wa ukame? Ulileta beseni nyumbani, ukaliweka chini ya mwarobaini, ukaenda Modogashe siku nne kwa sababu Ifrah alikuwa amejifungua Najib. Uliporudi ulikuta tope limepasuka, hakuna kinachocheza.

"Jua imekausha, macallimad," Billow alikwambia. Macallimad, mwalimu, ndivyo alivyokuita siku zote.

Hukumtaka aape. Ulifuta uso kwa ncha ya shungi ukasema kosa ni lako, uliangalia kivuli cha asubuhi ukasahau cha alasiri. Shule zilipofunguliwa ulisimama mbele ya darasa ukawaomba watoto radhi. Na kila darasa lililofuata ulilifundisha vivyo hivyo: kivuli hutembea, na mwalimu wenu aliua viluwiluwi wote kwa kutoangalia.

Haikuwa hivyo, Ruweyda. Siku ya pili ya safari yako mkokoteni wa maji haukuja. Mitungi yote ilikuwa mitupu, na mwanambuzi mmoja mweupe alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. Billow ni mtu wa soko la mifugo. Machoni pake maji ni ya kunywa, basi. Akamnywesha lile beseni mpaka likabaki tope. Alikusudia kukwambia mara tu utakapotua mzigo. Akaona unavyolitazama lile tope, akaogopa, akasingizia jua. Akasema atakwambia kesho. Kesho ikawa miaka miwili, kisha ukaugua wiki mbili tu.

Watoto walipokuja kutoa pole matangani, msichana mmoja, Idman, alimshika Billow mkono. "Adeer," akamwambia, kama wanavyowaita watu wazima, "sisi hatutasahau kivuli." Billow akaingia ndani na hakutoka tena siku ile. Tulidhani ni uchungu wa msiba. Kumbe!

Ametuambia mwezi huu tu. Dada yako Muslimo unamjua, hakumbembeleza. "Billow! Ulimwacha mke wako abebe kosa la mbuzi wako?"

"Nilimwacha," akasema. "Sasa nitaambia nani, na yeye ako chini ya mchanga?"

"Waambie watoto wake."

Alhamisi akavaa kanzu safi, akabeba lile beseni la bluu hadi shuleni. Watoto wako sasa wako Gredi ya Sita. Akasimama mbele yao, mtu anayepiga kelele sokoni kutwa nzima, akaanza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu yenu hakukosea," akasema. "Ni mimi. Nilipatia mbuzi maji yake, alafu nikamdanganya ni jua."

Billow alisubiri waseme chochote, hata wamzomee. Kisha Idman akainua mkono.

"Adeer, na hiyo mbuzi ilipona?"

"Ilipona. Ako na watoto wawili sasa. Sijawahi uza yeye."

Alirudi nyumbani akakaa barazani mpaka chai ikapoa. Ifrah alipopiga simu, safari hii hakumwambia yuko sawa. "Mama yako angeuliza hivyo hivyo," alisema. "Kabla akasirike, angeuliza mbuzi kwanza." Kisha akalia, na Ifrah akamsikiliza. Miaka miwili alikuwa na mtu wa kumsamehe ndani ya nyumba yake, naye akaogopa bure.

Anakuomba msamaha, Ruweyda. Beseni liko darasani tena, penye kivuli asubuhi na alasiri.

Wanaokukumbuka ni mumeo Billow, binti yako Ifrah na mjukuu wako Najib, dada yako Muslimo, shemeji yako Abdihafid, na watoto wote uliowaletea mto. Mola akurehemu. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazojaliwa.

Yule ndege mwenye kichwa cheusi bado anakuja. Watoto wangemwambia Billow jina lake, lakini hataki kuwauliza. Anasema hilo alikuwa akikuuliza wewe.