Mgeni wa Hamimu

Jumatano, 11/7/1979
Panya wamekula kalenda. Nimetafuta ile ya 1962 mu sanduku — siku zinalingana zote! Nimeitundika ukutani. Ninunue mpya mwezi wa saba, nina wazimu? Nimeshona mashati mawili ya mteja wangu Térence. Kola moja imepinda. Hataona.

Alhamisi, 12/7
Nimefungua mlango wa nyuma nimwage maji ya kufulia. Nje ni uwanja wetu wa zamani. Hamimu anatia mafuta mnyororo wa baiskeli, anapiga mluzi. Marehemu mume wangu! Nimefunga. Nimefungua tena — yupo. Maji nimemwaga mu kiatu changu.
Nimesoma Ayatul Kursi. Halafu nimekunja nguo. Ningefanya nini kingine?

Ijumaa, 13/7
Kumbe kalenda ndiyo inafungua mlango: nikiitoa ukutani, nje ni uwanja wa leo. Kule nako ni 1962, Ijumaa. Basi amebakiwa na siku mbili za kuishi.
Jumapili ile nilirudi kutoka kwa mama yangu, nikakuta mwanamke anakunywa chai na mume wangu. Mtandio umemfika machoni. Nikawaka! Nikamwambia atoke kwangu. Hamimu akaona haya, akasema mgeni hafukuzwi hivyo, akavaa viatu kumsindikiza. Barabarani gari kubwa, kamyo ya samaki wa ndagala, ikamkanyaga. Yeye, si mgeni. Mgeni hatukumwona tena. Miaka kumi na saba namlaani. Najilaani na mimi, lakini hiyo siiandiki sana.
Jumapili nitamtangulia huyo mgeni. Nitajifunika vizuri Hamimu asinijue, nitakaa pale sebuleni. Huyo bibi akipiga hodi, nitamjibu mwenye nyumba hayupo. Hakuna mgeni, hakuna kusindikiza. Rahisi.

Jumapili, 15/7 — mwaka sijui niandike upi
Nimepita mlango wa nyuma, nimepiga hodi kwa Hamimu. Nimesema natoka Uvira, nangoja wenzangu. Hakuuliza mengi. Kaniita mama. Mama! Mimi niliyelala naye miaka minne! Kijana mtupu, ana kovu shingoni nililokuwa nimelisahau. Nimetaka kulia. Nimeomba sukari.

Ameenda jikoni kuchemsha chai nyingine, ndiyo naandika. Alasiri imeshaadhiniwa. Nimechungulia barabarani mara kumi. Huyo mwanamke haji. Labda amepotea njia, alhamdulillahi! Naona nimeshinda. Sasa nimuage, nirudi kwangu kabla mke wake hajafika.

Nimemuaga. Akasema: Apana, mama, ngoja nivae viatu, nikusindikize mpaka barabarani.
Nimekaa chini haraka. Chai imenimwagikia.
Mgeni ni mimi. Miaka kumi na saba yote, ni mimi.
Nimesema sitoki, miguu inauma. Amecheka. Eti nipumzike tu, bibi yake Zubeda — mimi yule wa zamani — anarudi sasa hivi, atanikanda. Ana moyo muzuri sana, amesema.
Moyo muzuri! Hamimu, unanijua kweli?
Viatu ameshavivaa. Anafunga kamba, hana haraka. Namwambia avue, anasema apana, mama, nitakungoja tu.

Nasikia hatua uwanjani. Kisigino cha kiatu cha kushoto kinagonga — ni changu, kililegea, sikuwahi kukipeleka kwa fundi. Hamimu amesimama, anafurahi. Huyo anakuja, mama!
Siku ile uso wa mgeni sikuuona. Hakuufunua, na mi sikumpa nafasi, nilikuwa napiga kelele.
Mlango unafunguliwa. Nimeshika mtandio, nauvuta nyuma, anijue kabla hajapiga kelele —